Kizibao chako kinabeba kilo ngapi?

Kazi yangu ni kushona. Nina cherehani mbili Paje, Unguja, moja ya mguu na moja ya umeme, na kinachopita chini ya sindano si madera wala mapazia. Ni makaiti yaliyochanika, mabawa yaliyoachia mshono na, tangu wingfoili iingie pwani hii, vizibao. Vinaletwa zipu imekufa, mkanda umeng'oka, au mwenyewe anataka kibane kiuno zaidi. Kukitengeneza sharti nikifumue, na nikikifumua naona kilichotiwa ndani. Kwa hiyo nina maoni kuhusu vizibao, na najua hayatawafurahisha wote tunaokula kwa bahari ile.

Maoni yenyewe ni haya. Vizibao vingi wanavyovaa vijana wetu katika mchezo huu, wanaofundisha na wanaofundishwa, si vya kuelea. Ni vya kupunguza kishindo cha kuanguka. Aina zote mbili zina umbo moja, zinatundikwa kwenye msumari mmoja, na mtu huvaa cha kishindo akiamini amevaa cha kuelea. Shule inayomvisha mgeni au mtoto wa mtaani kizibao lazima ijue kinabeba kilo ngapi majini. Nikiuliza, najibiwa jina la kampuni iliyokitengeneza.

Kwa asiyewahi kuuona mchezo: mtu husimama juu ya ubao akiwa ameshika kwa mikono miwili bawa la kitambaa lenye mirija iliyojazwa hewa. Halina kamba ndefu kama kaiti. Chini ya ubao kuna mlingoti wa alumini au kaboni, wa sentimita 75 hadi 90 hivi, na mwishoni mwake kuna mabawa mengine mawili madogo yanayokata maji. Hiyo ndiyo foili. Kasi ikipanda foili huunyanyua ubao wote juu ya bahari, na mtu hupita kimya, bila kugusa maji. Kampuni ya Duotone ilitoa bawa lake, kazi ya mbunifu Ken Winner, mwaka 2019. Hazikupita kusi nyingi, tukaanza kuyaona Paje, na wenzetu wa Diani na Watamu wakayaona kwao.

Sasa anguko lake. Foili ikitokeza juu ya maji na kuvuta hewa, nguvu ya kunyanyua inakatika ghafla. Ubao unagota, wewe unaendelea mbele kwa kasi yako ya kilomita 25 au 30 kwa saa. Unaweza kulalia ukingo wa ubao kwa mbavu, unaweza kuangukia bawa, na siku mbaya unaiangukia foili yenyewe, ambayo ukingo wake umechongwa uwe mwembamba ili ukate maji. Kwetu kuna jambo jingine. Bamvua la pwani hii lina tofauti ya zaidi ya mita tatu kati ya maji kujaa na maji kupwa. Maji yakipwa, ndani ya mwamba panatembeka, kina mama wa mwani wanashuka na kamba zao, na kina cha kutosha foili kinabaki huko mbali karibu na mwamba. Huko mbali ndiko kwenye milango ya mwamba, na maji yanayopwa hutoka milangoni kwa nguvu kuelekea bahari kuu.

Basi hatari ni mbili, kishindo na maji, na kila moja ilitafutiwa kizibao chake.

Kizibao cha kishindo, vijana wanakiita kinga, nikikifumua nakuta vipande vyembamba vya sponji gumu vilivyopangwa kwa mistari ili mgongo uweze kupinda, vikafunikwa kwa neoprini. Ni kitu kizuri, na kimeokoa mbavu nyingi. Pia kinaelea kidogo, kwa sababu neoprini yoyote huelea kidogo, na hapo ndipo udanganyifu unapoanza: unaingia maji ya kiuno, unahisi kinakunyanyua, unatulia. Wengine huandika wazi kwenye lebo ya ndani kwamba hiki si kifaa cha kuokoa maisha. Wameandika kwa Kiingereza, kwa Kijerumani, kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili sijakutana nayo, na anayekivaa kila siku huku kwetu ni Mswahili.

Kizibao cha kuelea kina namba. Tafuta kwenye lebo ISO 12402-5, na pembeni yake niutoni 50. Niutoni kumi ni kama kilo moja, kwa hiyo hamsini ni msaada wa kilo tano hivi. Anayesikia kilo tano hucheka: mimi nina kilo themanini! Lakini mwili wa mtu karibu wote hubebwa na maji yenyewe. Kinachotafutiwa msaada ni kichwa kibaki juu, na kwa mtu mwenye fahamu zake kilo tano zinatosha. Lebo hiyo hiyo ina mipaka yake. Kizibao cha 50 ni cha mtu anayejua kuogelea, aliye karibu na ufuo au karibu na watu wa kumsaidia. Ukizimia kifudifudi hakikugeuzi. Kazi ya kukugeuza ni ya jaketi okozi, ambalo huanzia niutoni 100 kwa maji yaliyotulia, 150 kwa bahari kuu, na 275 kwa mtu mwenye nguo na vifaa vizito.

Jaketi okozi la chungwa la boti tunalijua. Baada ya kuzama kwa meli ya Spice Islander, Septemba 2011, na ya Skagit, Julai mwaka uliofuata, hakuna nyumba Unguja inayohitaji kuelezwa faida yake. Ndiyo maana mzazi mmoja aliyekuja kwangu aliuliza swali la haki kabisa: kama lile la boti ni bora zaidi, kwa nini mwanawe asivae lile? Nilimjibu kwamba katika foili mtu huanguka tena na tena, na mara nyingine bawa humwangukia kichwani. Kitambaa kilicholowa kinamfunika, na njia ni kuzama kidogo kisha kutokea pembeni. Mwenye jaketi la 150 hazami. Anagandamizwa juu, uso kwenye kitambaa. Tena kurudi ubaoni kunataka ulale kwa kifua, na kifua kile kinene kinakusukuma nyuma kila ukijaribu. Mchezo huu unataka kiasi, na kiasi chake ni hiyo 50, au karibu nayo.

Vipo pia vizibao vinavyojaza gesi vyenyewe. Kuna kichupa cha kaboni dayoksaidi, na vile vya otomatiki vina kidonge kinachoyeyuka kikilowa, chupa inafyatuka. Kwa nahodha wa boti ni kitu cha maana. Kwa mwanafunzi wa foili, ambaye kulowa ndiyo somo lenyewe, kingefyatuka kabla hajamaliza kusimama. Nimeletwa mfuko wa kimoja kilichotobolewa na foili niuzibe. Nilikataa. Pumzi ya mtu haizibwi kwa gundi yangu.

Wateja wakitaka jibu fupi nawaambia hivi: kama mfuko unaruhusu, nunua kile kinachounganisha yote mawili, sponji la kukinga mbavu na lebo ya 12402-5. Vinatengenezwa, na vinakaa vizuri mwilini. Kama mfuko hauruhusu, nunua kizibao cha kawaida cha waendesha kayaki au mashua za tanga chenye lebo hiyo. Mara nyingi bei yake ni ndogo kuliko kile cha mtindo chenye jina kubwa mgongoni. Vijana hawakipendi. Kinawafanya waonekane wanafunzi, wanasema, na picha haitoki vizuri. Mimi ninayeshona nguo najua nguvu ya kupendeza, siidharau. Lakini wageni wanaolipa kwa fedha za kigeni wanavaa vya kayaki bila aibu yoyote, na wanapiga picha.

Kinga tupu namruhusu nani? Namruhusu aliyekwishabobea, anayeogelea bila wasiwasi, anayebaki ndani ya mwamba, na aliyefunga kamba ya ubao kila mara. Ubao wenyewe ni boya kubwa kuliko kizibao chochote. Mbao za kuanzia huwa na ujazo wa lita mia au zaidi, na kila lita moja ni kama kilo moja ya kuelea. Bawa lililojaa hewa nalo linaelea. Kizibao ni cha ile dakika ambayo kamba imekatika, au kichwa kimegonga ubao na unaona nyota mchana. Mzoefu huyo anaijua dakika hiyo na ameamua. Mwanafunzi hajaijua, simruhusu. Na mwalimu simruhusu pia, jambo linalowashangaza wengi, maana mwalimu ndiye mwogeleaji hodari kuliko wote. Ndiyo, na ndiye anayemfuata mwanafunzi aliyepelekwa na maji mlangoni, akiwa amechoka, akitakiwa amshike mtu mwingine anayepapatika.

Hapa nafika kwenye kisa kilichonifanya niandike. Walimu wengi wa Paje wanavaa mitumba. Msimu ukiisha mgeni anaacha kizibao chake kwa ukarimu, kijana anakipokea kwa shukrani, anakivaa kusi na kaskazi, kisha anamwachia mdogo wake. Sponji gumu halidumu milele. Jua linalikausha, kukaliwa na kukunjwa kunalibana, na likibanwa vitundu vyake vya hewa vinaisha. Nje kizibao bado kina rangi. Ndani nakuta vipande vimesinyaa hadi vinachezacheza mfukoni mwake, vingine vinavunjika vidoleni. Nilimfungulia mmoja wao akaona mwenyewe. Akaniambia, "Bi mkubwa, zibia tu, naanza somo saa nne." Sikumlaumu. Mwenye shule yake alikuwa na vizibao vipya vimepangwa kwa saizi, vyote vya wageni.

Hilo silikubali, na ningependa wamiliki wa shule wanijibu hadharani. Mwalimu anakaa majini kuliko mgeni yeyote. Bawa ni la shule, ubao ni wa shule, helmeti ni ya shule. Kwa nini kizibao cha mwalimu kiwe bahati yake na mgeni aliyeondoka? Nimeelezwa kwamba walimu wengi ni vibarua, hawana mkataba, leo yuko shule hii kesho ile. Sawa, mkataba mtaelewana nyinyi. Kizibao kibaki shuleni, avae atakayefundisha siku hiyo.

Kupima si kazi ngumu, na hakuhitaji maabara. Chukua mfuko wa wavu, tia vipande vya risasi wanavyofunga kiunoni wapiga mbizi. Ukikosa risasi, tia chuma. Usitumie mawe: jiwe likiingia majini linapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, na litakudanganya. Risasi inapoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Funga mfuko kwenye kizibao, kishushe maji ya kifua, kikandamize hadi mapovu yatoke, kisha kiachie. Kizibao cha niutoni 50 kinatakiwa kibebe kilo tano za risasi kikiwa bado kinaonekana juu. Kikizama na hizo, kimekufa, hata kama lebo yake ingali inasomeka. Kile cha kinga, jaribu kukifungia hizo kilo tano mbele ya walimu wote. Kikiwazamia machoni pao nitakuwa nimepunguziwa maneno.

Lebo ina habari nyingine ambayo watu huiruka, nayo ni uzito wa mvaaji. Ile 50 kamili ni ya mtu mzima wa zaidi ya kilo 70. Saizi ndogo zina niutoni pungufu, na ni halali kwa sababu mvaaji wake ni mdogo; hizo zipimwe kwa risasi pungufu. Kwa hiyo saizi si suala la kubana au kupwaya peke yake. Mtu mwenye kilo tisini aliyejiminya ndani ya saizi ya kijana, ili kifua kionekane, amevaa kuelea kwa kijana. Na mtoto aliyevalishwa saizi ya baba yake, kizibao kitaelea na yeye atateleza kutoka chini.

Jaribio la saizi nalifanya hapo hapo dukani. Vaa, funga zipu na mikanda yote, inua mikono, kisha nashika mabega ya kizibao navuta juu kwa nguvu. Kikifika masikioni, vua. Majini kitafanya hivyo hivyo, kitakuziba mdomo wakati unapouhitaji. Anayetumia hanesi ya kiunoni atafute kilichokatwa kifupi tangu kiwandani. Msiniletee nikate. Mkanda nabadilisha, zipu nabadilisha, mshono narudia kwa uzi wa poliesta, lakini sponji sikati wala sipunguzi, hata kwa bei gani. Siku sponji linapokatwa lebo ile inakuwa uongo, na uongo huo utakuwa na mshono wangu.

Kwa wanawake kuna tabu nyingine. Vizibao vingi vimekatwa kwa kifua bapa cha mwanamume, na mwenye matiti anavaa saizi kubwa ili zipu ifunge, halafu mabega yanapwaya na kizibao kinapanda. Vya kike vipo, viagizwe. Wasichana wetu wanaovaa nguo ndefu za kuogelea wanavaa kizibao juu ya nguo, kwa hiyo wapimwe wakiwa wamevaa nguo hiyo, si kwa kukisia. Si kundi dogo la kusahaulika. Kule Nungwi Mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamesitiriwa mwili mzima, na picha zao alizopiga Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Wengine wao au wadogo zao watashika bawa, tena nataka walishike. Wasije kuambiwa kizibao cha saizi yao hakipo.

Rangi? Acheni nyeusi. Nyeusi inapendeza ufukweni na inapotea baharini saa kumi na moja jioni, wakati jua liko nyuma ya minazi na maji yote yamekuwa kijivu. Njano, chungwa, hata ile waridi kali inayochekwa. Helmeti pia, ya michezo ya majini yenye alama ya EN 1385, si ya baiskeli, ambayo sponji lake halikutengenezwa kupigwa na chumvi kila siku.

Utunzaji hauchukui muda: suuza kwa maji matamu, tundika kivulini kwenye mtu wa mbao au henga nene, usikikalie. Kukalia ndiko kunakoua vizibao vya Paje kuliko jua. Kila ninapopita naona vijana wamekaa juu yake wakisubiri maji yajae.

Kabla kusi haijashika, shule zilete vizibao vyao vyote nivipime, vya wageni na vya walimu. Mfuko wa risasi ninao na sitozi kitu. Vitakavyozama nitavikata mikanda mbele yenu, ili visirudi msumarini, na zipu zilizo nzima nitazitumia kwenye vingine. Njooni siku za maji mafu, maana siku hizo hata maji yakipwa kina cha kifua hakiko mbali sana na ufuo, na miguu yangu si ya kutembea hadi mwamba tena.